Samaki Bila Ndimu

Siku kaka yangu alipokuja kula nyumbani Tandika, nilikuwa nimeshaficha ndimu zote.

Alikuwa ametumia unga, yaani heroini, kwa miaka. Sasa anaishi kwa shangazi, na kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, dirishani, mbele ya muuguzi. Akimeza, lazima aseme neno, ionekane hajaibakiza mdomoni. Mama alisema siku hiyo ikipita bila kaka kutoweka, atarudishiwa chumba chake.

Mie ni mtu wa wasiwasi. Jambo lisipokamilika silali. Biolojia nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Nilisoma kwamba unga hauandiki upya vinasaba. Unagusa alama ndogo za kikemikali zilizobandikwa juu yake, zile zinazoamua kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Ndani ya ubongo baadhi ya alama hizo hubaki hata mtu akishaacha, kwa hiyo kitu kidogo tu alichokizoea enzi zile kinaweza kuamsha hamu. Basi nikaficha ndimu, vijiko na kiberiti, vitu alivyokuwa akitayarishia unga.

“Mama, samaki huyu hana ndimu?” kaka akauliza, sahani mbele yake.

“Muulize profesa wako.”

Nikaeleza nilichosoma. Kaka akacheka. “Dogo, utaficha ndimu za Tandika nzima?” Akainuka. “Naenda gengeni kununua.”

Njia ya gengeni inapita maskani wanapokaa wenzake wa zamani wa unga. Nilitaka kumfuata, mama akanishika mkono.

“Mwache aende.”

Alifunika sahani ya kaka. Mwenyewe hakula. Nami nikakumbuka sehemu niliyoisoma harakaharaka kwa sababu haikunitisha: kwamba alama nyingine zinaweza kubadilika tena, kwamba ubongo unaoishi hauachi kujifunza, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Sikuwa na hakika na chochote. Niliutazama mlango tu.

Akarudi, shati limelowa jasho, ndimu mkononi.

“Wameniita,” alisema, akiketi. “Nikawaambia samaki anapoa.”

Akakamua, akala tonge kubwa, kisha akamgeukia mama na kupanua mdomo kama yuko dirishani.

“Nimemeza. Niseme neno?”

“Sema.”

“Chumvi imezidi.”

Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Halafu akaniambia nirudishe vijiko na nikatandike kitanda cha kaka. Nilikitandika mara mbili, maana mara ya kwanza shuka halikunyooka.