Ligombo la Baba Siku ya Harusi Yangu

Baba yangu aliacha kupiga ligombo mwaka aliobatizwa, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama. Ligombo ni ubao mrefu uliochimbwa kama hori la ng'ombe. Uzi mmoja hupitishwa juu yake ukienda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na mwishoni pana kibuyu cha kukuza sauti. Mwalimu wa kanisani alipotaka kutueleza kinubi cha Zaburi alitutajia ligombo, kisha akatukataza kulisogelea, kwa kuwa lilipigwa penye ulanzi, pombe ya mianzi. Baba alipokatazwa hakubishana. Alilipandisha darini juu ya meko, na kila kiangazi alilishusha, akalipaka mafuta, akalirudisha. Baadaye alifanywa mzee wa kanisa.

Nilipoposwa, katikati ya miaka ya hamsini, mchumba wangu alikuwa karani Mbeya, nami nilikuwa nimemaliza darasa la nne, basi kichwa kilikuwa kimevimba. Shangazi, dada yake baba, aliuliza nani atanipigia. Kwetu, kandokando ya Igowole, binti hatoki uani mpaka ligombo limtajie ukoo wake, naye akiwa ameinamisha macho kwa heshima. Nilimjibu kwamba harusi yangu itakuwa ya santuri, ligombo ni mambo ya kishamba. Baba alikuwa mlangoni akinoa panga. Alisema tu kwamba ni sawa, kanisa nalo lisingekubali.

Watu wa Mbeya walifika kwa lori asubuhi, vumbi hadi kwenye kope. Gramafoni ilikuwa nzima. Santuri zenyewe walizifunga kwenye blanketi ili zisivunjike, na kwa kuwa lilikuwa blanketi, shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mwenye mwili wake, alilikalia tangu Mbeya. Lilipofunguliwa, zilitoka vipande vipande. Yule mama alilia, masikini, na hakuna aliyemsemesha.

Baada ya ibada tulikaa uani kwetu kunywa chai. Kwaya iliimba nyimbo zake nne, ikazirudia, ikachoka. Kikabaki kimya cha watu wengi wanaotafuna. Dereva akaanza kusema njia ni mbaya, afadhali kuondoka mapema. Hapo shangazi yangu akaenda kukalia sanduku langu la nguo, akatangaza kwamba binti hatoki bila kutajiwa ukoo wake. Mchungaji akamsihi, wazee wakamsihi. Wapi! Wakwe wakaanza kutazamana, na dereva akawasha lori.

Baba akaingia jikoni. Nilijua anafuata nini. Akatoka na ligombo, linang'aa kwa mafuta, akaketi kwenye kigoda mbele ya mchungaji na kuanza kupiga. Mchungaji akaweka kikombe chini, akavaa kofia, akaondoka. Baba alimwona. Aliendelea tu, akamtaja bibi yake, akamtaja mama yake, akawataja watoto wawili walionitangulia wakafa, ambao sikuwahi kusikia wakitajwa nyumbani, mpaka akanifikia mimi. Vijana wa Mbeya walikuwa wanachekea viganjani. Niliyaelekeza macho kwenye viatu vyangu vyeupe na sikuyainua mpaka mwisho. Kina mama wakanisifu kwamba huyo ndiye bibi harusi mwenye heshima. Heshima gani! Ilikuwa aibu tupu. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi akainuka kwenye sanduku, nikaenda zangu Mbeya.

Baba alivuliwa uzee wa kanisa, na mwaka mzima hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Mama aliniandikishia barua kunieleza kwamba siku hizi baba anakaa benchi la nyuma. Niliijibu kwa kuuliza habari za mahindi.

Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, baba alikuja kutibiwa Mbeya akakaa kwangu, mtaa wa Soweto. Siku moja nikichambua maharage nilimuuliza kama aliwahi kuijutia siku ile.

"Meza nilirudishiwa," akasema. "Nilichojutia ni kwamba hukunitazama."

Nikamwambia bibi harusi huinamisha macho, si ndiyo desturi yetu.

"Mwanangu, mimi nimewapigia mabibi harusi wengi," akasema. "Wote huchungulia."