Kidole Chini ya Mstari

Kama una habari ya kumpa Somoe binti Hashimu, mpe yote au kaa nayo. Habari ya nusunusu haitaki, na sababu anayo. Mama yake alipofariki Lindi, shemeji yake Bakari alikuja Madimba akamwambia, "Mama anaumwa kidogo, twende ukamwone." Ndivyo watu wetu wanavyofanya, eti mtu asivunjike moyo njiani. Somoe akatwanga mtama wa uji wa mgonjwa, akabeba na chupa ya asali. Alipofika alikuta wanawake wameketi mkekani na udongo wa kaburi umeshakauka. Asali ile aliimwaga palepale mlangoni, mbele ya wafiwa wote. Waliosema ana roho mbaya walisema. Walistahili kumwagiwa wao.

Basi mwaka tisini na nane alikuja kijijini Mwalimu Elizabeti, mtu wa Bukoba, na binti yake Felista. Mume alikuwa bandarini mjini, na pale Madimba mama huyu hakuwa na ndugu wala shoga. Akaanzisha kikao cha kusoma, akina mama na mabinti zao. Kila kitabu kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kilizunguka nyumba kwa nyumba. Binti alimsomea mama yake jikoni, na kikishamaliza mzunguko wanakutana Jumamosi baada ya alasiri barazani kwa Mwalimu, kila mtu na ukili wake wa mkeka mkononi anausuka, wanakijadili. Sheria ilikuwa moja. Mama ndiye anayesema, binti hunyamaza mpaka aulizwe, kwa kuwa mabinti huulizwa maswali shuleni kila siku, lakini mama zao hakuna anayewauliza wanaonaje.

Somoe, ambaye hajawahi kukalia dawati, alikipenda kikao kile kuliko alivyokuwa tayari kusema. Maisha yake yote alikuwa ameulizwa kama chumvi imekolea. Barazani aliulizwa kama mfalme fulani kitabuni alitenda haki, na akijibu watu wanabishana naye mpaka magharibi. Mwalimu naye akapata mashoga. Felista alipougua malaria, ni Somoe aliyekesha naye, na Idi ilipofika Mwalimu alikuja kumenya vitunguu bila kuitwa.

Kisha kikaja kile kitabu cha msichana aliyepelekwa shule ya bweni. Husna, binti wa Somoe, msichana wa darasa la sita, alimsomea mama yake chote, au ndivyo mama alivyojua.

"Mama Husna," Mwalimu aliuliza Jumamosi ile, "wewe ungemsamehe yule binti?"

"Nimsamehe nini?" alisema Somoe. "Gari liliharibika Mingoyo, mama wa watu hakufika shuleni. Kosa ni la dereva. Mtoto kalia bure."

Aliyeanza kucheka ni Mwajuma, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Gari gani tena, shoga? Mama alifika mpaka getini, mtoto akamkana mbele ya wenzake. Kasema yule ni mpishi wa nyumbani kwao. Wewe umesomewa kitabu gani?"

Wakacheka wote. Mwalimu mwenyewe aliziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti. Somoe alimtazama Husna. Husna alikuwa ameinama anahesabu vidole vya miguu. Hapo mama akajua. Akakunja ukili wake akatoka bila kuaga.

Nyumbani hakungoja hata kuvua kanga.

"Nani alikutuma unichujie?"

"Mama, sikutaka uumie," alisema Husna. "Yule mama wa kitabuni hajui kusoma. Nikaona utadhani ni wewe, halafu yule binti..."

"Yule binti ni nani?"

Husna akafunika uso kwa viganja.

"Mama yangu nilimkuta kaburini kwa huruma kama hiyo yako," alisema Somoe. "Huruma yenu ndiyo inayonifanya mjinga. Aliyeandika kitabu hakunicheka, hanijui. Wewe ndiye uliyenipeleka barazani nikachekwe. Bora ungenitukana, ningekuchapa yakaisha. Hili nilifanyeje?"

Siku zilizofuata Husna akiamkia, hujibiwa na kishindo cha sufuria. Lakini hasira ya Somoe haikuwa ya binti peke yake. Ilikuwa ya Bakari, ilikuwa ya nesi wa zahanati aliyekuwa akisoma kadi yake kisha anasema "hamna kitu, mama," ilikuwa ya kila mtu aliyewahi kumpimia ukweli kwa kijiko. Na chini ya hasira kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Kikaoni alitaka kurudi, na angerudi na nini? Kila neno ambalo Husna angemsomea sasa lilikuwa na shaka.

Mwalimu alikuja na Felista na kile kitabu.

"Nilicheka, Mama Husna. Nisamehe."

"Ulicheka. Nilikuona."

Felista akaisoma ile sura ya getini yote. Somoe alisikiliza bila kupepesa macho. Mwisho Mwalimu akasema Felista anaweza kuja kumsomea kila mara.

"Ahsante, lakini hapana," alisema Somoe. "Nina binti wangu. Wa kuazima simtaki."

Jumamosi alikwenda, Husna nyuma yake. Hakungoja kuulizwa.

"Nimekisikia sasa. Yule binti alikosa. Lakini mama naye alisikia anakanwa, akaweka kikapu chini akaondoka kimya. Hapo ndipo alipoharibu. Angesimama palepale aseme, mimi ndiye mama yako. Mimi sitaondoka kimya."

Alikuwa akimtazama Mwajuma, na safari hii Mwajuma hakucheka.

Kitabu kipya kilipofika zamu yao, Somoe aliketi jikoni na miyaa yake, majani ya kusukia mkeka, akamwita Husna.

"Weka kidole chini ya mstari. Kidole kikitembea, mdomo utembee. Herufi sizijui, lakini macho ninayo. Mistari ni kama miyaa ya mkeka, ukiruka mmoja tundu linaonekana."

Husna akasoma. Kidole kilitembea, kikashuka, kikatembea tena, na macho ya mama yake yakakifuata kama mtu anayelinda shamba la muhogo dhidi ya ngedere. Ukurasa wa kwanza ukaisha, na wa pili. Katikati ya ukurasa wa tatu kidole kikasimama.

"Mbona kimesimama?"

"Mama..."

"Soma."

Kidole kikatembea tena, wala hakikuruka.

"Imeandikwa, 'Mama yake hakujua kusoma wala kuandika, na watu walimcheka.'"

Somoe alichomeka mwaa mwingine kwenye ukili, akaukaza.

"Hilo nililijua kabla hujazaliwa," alisema. "Endelea."