Kikombe cha Pili, Waithaka

Niliondoka Mombasa mwezi wa sita kwa sababu nilichoka kuona cheti changu cha lishe kimekaa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Rafiki niliyesoma naye alinipigia simu kutoka Nairobi: kuna utafiti wa ulishaji wa watoto wadogo, kazi ya siku tatu kwa wiki, miezi mitatu basi. Kazi yenyewe ni kuingia majumbani na kumwuliza mama jana mtoto alikula nini, kiasi gani, na alibakisha nini. Mamangu aliposikia alicheka hadi akashika mlango. Kwetu kumwuliza mtu chungu chake kina nini ni kukosa adabu, na sasa mwanawe anakwenda kulipwa kwa kukosa adabu. Nilimwambia hiyo ndiyo elimu.

Ngara, asubuhi ya kwanza. Nilifikia kwa Shangazi Rukia, ambaye mumewe anafundisha watoto Kurani chuoni mjini. Wanakaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni. Nilikuwa nimekuja na khanga nne na sweta moja nyepesi ya kuonekana, si ya kuvaa. Shangazi alinitazama ninavyotetemeka, akanivisha koti la mumewe linalonifika magotini. Niliivaa aibu hiyo miezi mitatu na nashukuru.

Uthiru, wiki nzima ya mafunzo. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, karibu na barabara kuu ya Waiyaki. Msimamizi wetu aliitwa Wambui, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alitufundisha kupima uji kwa maji: mama anaonyesha kikombe alichotumia, unajaza maji hadi pale uji ulipofika, unapima maji hayo. Halafu unatoa kilichobaki. Alitufundisha utepe wa kupima mkono wa mtoto: kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mtoto apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Sheria zilikuwa mbili. Usimshauri mama, wewe ni wa kuuliza tu. Na usimwandike mtoto ambaye hujamwona kwa macho yako.

Sheria ya pili niliiona ya kijinga. Nani atamwandika mtoto asiyemwona?

Waithaka, ziara ya kwanza. Ukungu ulikuwa umeshuka asubuhi ile hata mabati ya nyumba za jirani hayakuonekana, na watu walinitokea ghafla hatua mbili mbele yangu, wakanisalimu "sasa" na kupotea tena. Nilikuwa na jina la Akinyi kwenye karatasi. Jirani mmoja alisema hamjui Akinyi, kisha akasema, "Ah, Mama Mapacha. Mlango wa buluu pale."

Akinyi alinifungulia kabla sijabisha. Alikuwa mwembamba, mpole, kwao ng'ambo ya Kisumu. Mumewe ni fundi wa mawe na huondoka alfajiri. Chumba kilikuwa kimoja, safi sana, na kitanda kilifichwa kwa pazia. Kwenye mkeka aliketi msichana wa miaka miwili na nusu, Apiyo, ukingoni kabisa, kana kwamba amemwachia mtu nafasi. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya plastiki, chekundu na cha kijani. Cha kijani kilifunikwa kwa kisahani.

"Na huyu mwingine?" niliuliza.

"Odongo amelala," alisema, akateremsha sauti.

Nami nikateremsha yangu. Kwetu mtoto aliyelala haamshwi kwa ajili ya mgeni, sembuse mgeni aliyekuja na mizani. Pazia lilikuwa wazi kidogo, nikaona blanketi na umbo dogo chini yake. Nikajiambia nimemwona. Nikafungua fomu mbili.

Utepe wa Apiyo ulisimama kwenye manjano. Jana yake alikunywa uji asubuhi, ugali na sukuma mchana, uji jioni, kila mara nusu ya kilichopikwa. Kisha tukaingia kwa Odongo, na Akinyi alinijibu bila kusita hata mara moja: uji ule ule, ugali ule ule, kiasi kile kile.

"Alibakisha?"

"Yeye hubakisha vyote."

Niliandika. Nilipokuwa nikiandika, nilisikia nyuma ya pazia mtu akigeuka kitandani, ule mlio wa chaga za kitanda unaosikika mtoto anapobadilisha ubavu. Apiyo naye aliusikia, kwa sababu aligeuza kichwa. Mambo mengine yote ya safari hii naweza kuyaeleza. Hilo siwezi kulieleza mpaka leo.

Waithaka, wiki moja baadaye. Odongo alikuwa amelala tena. Nilinong'ona tena, nikapima maji tena, nikaandika tena kwamba amebakisha vyote. Nilipokuwa nikitoka, nilimwona Akinyi akichukua kikombe cha kijani, uji umeganda juu, akaumwaga nyuma ya nyumba taratibu, kwa mikono miwili. Apiyo alikuwa ameshalamba chake hadi chini na alikuwa anautazama uji ule unavyomwagwa. Hakulia. Mtoto mwenye njaa asiyelia hunitisha kuliko anayelia, na nilitembea hadi stendi nikiwa na baridi ambayo koti la mjomba halikuifikia.

Uthiru, Jumatatu. Wambui aliniita mezani kwake, fomu mbili mbele yake.

"Maimuna, huyu mtoto wa pili. Siku mbili tofauti, hajakula kitu. Hata tone."

"Mama ndivyo alivyosema."

"Anaishi aje?"

Nikaziinamia zile fomu. Akaniuliza mbona sehemu ya uzito na mkono ni tupu. Nikasema alikuwa amelala. Wambui alivua miwani, na nilimwona amebadilika rangi. Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze. Alisema kama mtoto yule yupo, basi anakufa, na mimi nimekaa naye chumba kimoja mara mbili nikiandika. Akanipa kadi ya kliniki, akaniambia niende saa hiyo hiyo.

Waithaka, mchana wa siku ile. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua la baridi linaonyesha kila kitu. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu nimkute hai. Nilipoingia sikunong'ona. Nilisema, "Mama Mapacha, nisamehe, lazima nimwone Odongo," nikavuta pazia na kuinua blanketi.

Chini yake palikuwa na nguo za mtoto zimekunjwa na kupangwa kitandani kwa mpangilio wa mwili: kofia juu, sweta, suruali, soksi mbili chini. Soksi zilikuwa zimefuliwa karibuni. Nikaketi sakafuni na blanketi mkononi.

Akinyi hakupiga kelele. Alilichukua blanketi, akazifunika tena, akaketi kando yangu. Aliniambia kwamba kwao pacha hasemwi amekufa kama watu wengine; husemwa amekwenda. Odongo alikwenda wakati wa mvua za masika, homa ya siku mbili, wakamlaza kaburini nyumbani kwao bila kilio, kwa sababu kilio kingemwita aliyebaki amfuate. Mama mkwe alimfundisha: chochote umpacho Apiyo, mpe na nduguye, ili asije akamdai. Akawa anagawa. Kile kile kilichotosha mmoja, nusu huku, nusu kule. Na chakula cha pacha aliyekwenda hakiliwi na mtu.

Nilimvuta Apiyo nikamfunga utepe mkononi. Nyekundu. Nikaufungua, nikaufunga mara ya pili. Nyekundu.

Nilikuwa na kadi ya kliniki, na nilikuwa na sheria ya kutoshauri. Kliniki wangempa Apiyo chakula cha kumnenepesha, na Akinyi angekigawa nusu. Nililiona hilo wazi, nikaogopa kuliko nilivyoogopa zile nguo.

Basi nikafanya kazi niliyoajiriwa. Niliuliza.

"Mama mkwe alikuambia ni mpaka lini?"

"Hakusema."

"Umewahi kumwuliza?"

"Hiyo haiulizwi, daktari."

Nikamwambia mimi si daktari, na mimi si wa huko, mimi ni mtu wa pwani niliyekuja kuwakosea watu adabu, mamangu mwenyewe ameshasema. Nikasema ampigie simu, nimwulize mimi. Alikataa. Nikamwonyesha ile rangi mkononi mwa mwanawe. Akabonyeza namba na kuiweka simu kwenye mkeka katikati yetu.

Yule mama alisikiliza swali langu hadi mwisho. Nilisikia kuku upande wake.

"Lakini mimi nilimwambia amuonjeshe," alisema. "Kidole tu, kwa ukingo wa kikombe. Mpaka mwezi uishe, basi. Bado anagawa?"

"Anagawa nusu kwa nusu, mama. Tangu masika."

Nilimsikia akivuta kigoda.

"Sasa ningemwambiaje aache," alisema, "na yeye hamtaji mtoto yule, na mimi simtaji?"

Akinyi aliinama akaweka paji la uso juu ya mkeka, karibu na simu, na wakaanza kuzungumza kwa Kijaluo. Nikatoka nje na Apiyo mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilipeleka mkono nyuma mara kadhaa kuhakikisha yupo. Jioni ile ile, mama yake alimpeleka kliniki.

Waithaka, ziara ya mwisho, mwezi mmoja baadaye. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila umbo. Kwenye mkeka kilikuwepo kikombe kimoja, chekundu, kimejaa. Utepe wa Apiyo ulikuwa umerudi kwenye manjano, karibu na kijani. Alikuwa sasa ameketi katikati ya mkeka. Alikunywa hadi mwisho, akachovya kidole kwenye tone lililobaki, akalipaka ukingoni mwa kikombe, akatazama upande wa pazia. Mimi na Akinyi tulitazama huko pia. Hatukusikia chochote.

"Ashashiba," alisema Apiyo.

Lilikuwa neno la kwanza nililolisikia kwake.

Nyumbani, mwezi wa tisa. Nimerudisha koti la mjomba na nimerudi kwenye joto. Mamangu ananiuliza nimejifunza nini huko, nami namwambia kwamba adabu yangu nusura iue mtoto: niliona haya kuinua blanketi, na niliona haya hiyo mara mbili. Kisha akaniuliza yule wa pili nilimwandikaje. Nikamweleza kwamba Wambui aliniagiza nipige mstari fomu nzima, na nilipiga. Lakini kabla ya kupiga, niliifikia ile sehemu ya mwisho inayouliza mtoto alibakisha nini na kwa nini. Nikaandika: Ameshiba.