Mikungu Minne ya Spesiyoza

"Ngwe nne, mikungu minne ya ndizi! Nimelima, nataka changu!"

Nilipokuwa na miaka tisa, hayo ndiyo maneno yaliyonitoa jikoni kwetu, Ngara. Aliyekuwa akisema ni Spesiyoza, mwanamke mkimbizi aliyekuja kutoka kambini kutafuta kibarua. Aliyekuwa akidaiwa ni baba yangu.

"Mahindi mnagawiwa bure, mafuta mnagawiwa bure," baba akasema, "leo unataka na ndizi zangu?"

"Kadi yangu ya mgao ilichukuliwa na watu nilioandikishwa nao. Lakini hilo si lako, mzee. Lako ni mikungu minne."

"Basi nenda kashtaki kwa mwenyekiti."

Majirani waliokuja kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, waliangua kicheko. "Nenda, mama! Na kibali cha kutoka kambini usisahau!" Walijua hana. Baba alijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana alimchukua yeye akawaacha vijana wa kijijini.

Naandika haya waziwazi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Spesiyoza aliingiwa na mizimu. Shule yangu iliishia darasa la saba, mengine nimejisomea, lakini macho nilikuwa nayo. Vita vilimjeruhi, sikatai. Watoto wake wawili walibaki njiani. Hata hivyo, siku aliyofika kwetu alikuwa analima mistari iliyonyooka kama kamba, anatutania sisi watoto, anatuita kwa majina.

Baada ya ugomvi ule hakuonekana tena. Kitu kingine ndicho kilichoonekana.

Bibi, mama yake baba, alikwenda kanisani kila Jumapili na hakukosa hata moja. Pia alikuwa na kibanda cha mizimu kule migombani, cha nyasi, kidogo kama banda la kuku. Humo alimwekea chakula marehemu baba mdogo, mwanawe aliyemzika akiwa kijana. Miaka yote chakula kile kililiwa na siafu. Wiki hiyo kibakuli kikaanza kurudi kimekombwa, kinang'aa.

"Mwanangu amerudi kula," bibi akasema, akalia kwa furaha. Akaanza kupika vizuri zaidi, maharage na ndizi, hata chumvi akaongeza. Akatuonya: "Asichungulie mtu. Ukichungulia, aliyemo atakuita jina lako, na hutalala tena."

Mimi sikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Nikaenda mchana kweupe, jua la saa saba, nikainama mlangoni.

"Adventina," sauti ikaniita.

Nikaganda. Spesiyoza alikuwa amejikunja humo ndani, magoti kidevuni, kibakuli mapajani. Nywele zimejaa nyasi.

"Unaniona?" akaniuliza.

"Nakuona, mama."

"Wewe peke yako. Nimepita barabarani siku tatu, hakuna aliyenisalimu. Nimeomba maji, wakaongea na wenzao." Akalamba kidole. "Hiki ni chakula cha wafu, sivyo? Nakila, na hakinidhuru. Sasa niambie, wewe mtoto mwenye akili. Nilikufa lini? Kule njiani, au hapa kwenu?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza basi limeondoka saa ngapi.

Ningesema, "Mama, uko hai, twende kwa bibi." Sikusema. Nilikimbia nikipiga kelele, "Mzimu! Mzimu kibandani!" Jina lake nililijua na sikulitaja. Hilo ni langu, simbebeshi mtu mwingine.

Watu wakaja na fimbo. Baba akatangulia, akafunua nyasi, akamwona. Nilikuwa ubavuni mwake. Niliona uso wake ukimtambua, kisha ukajifunga kama mlango wa duka.

"Unamjua huyu?" jirani mmoja akauliza.

"Simjui," baba akasema. "Ni mzimu huu. Msiuguse."

Maana akiwa mtu, anadai.

Spesiyoza alitutazama mmoja mmoja. "Mmesikia?" akasema polepole. "Hata yeye." Tangu hapo hakutoa neno. Mama mmoja alimwonea huruma, akamshika mkono hadi njia ya kambini, naye akaenda kama kitu kinachobebwa.

Bibi alikibomoa kibanda kwa mikono yake. Alimlilia mwanawe upya, kama amekufa jana. Mimi sikulala, kama alivyosema. Hadi leo nikiitwa jina langu ghafla, ninasita kugeuka.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Watu wanasema wazimu huanzia kichwani. Mimi nilishuhudia wa Spesiyoza ukijengwa nje, kidogo kidogo, na watu wenye akili timamu. Huyu hakumlipa, wale hawakumsalimu, ofisi ya mwenyekiti hakuwa na ruhusa ya kuikanyaga. Tulipomaliza, akaingia mwenyewe kwenye kibanda tulichomwachia.

Wiki iliyopita baba aliniita. Ni mzee sasa, haoni vizuri, lakini anasema anamwona mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Adventina, niletee padri. Kuna mwanamke amesimama migombani, ngwe ya nne. Kila mchana. Hasemi."

"Unamjua?"

Akageuza uso kuelekea migombani.

"Spesiyoza," akasema.

Kumbe jina alikuwa nalo miaka yote hii.

Sijui Spesiyoza aliko. Nimeuliza, sikupata jibu. Lakini pale stendi ya Ngara, nyuma ya vibanda, analala mwanamke anayeongea peke yake, na watu wanamruka kama dimbwi. Yeye namsalimu. Kulipa tutaanzia kwake.

"Padri simleti, baba. Bodaboda yuko nje. Nipe panga, na unionyeshe migomba iliyokomaa. Nataka mikungu minne, leo."