Bango la Mama Assunta

Jumamosi moja ya Juni, jirani yangu Ersilia aligonga mlango wangu kabla hata sijateleka kahawa. Alivaa viatu vya matembezi na gauni jeusi. Gauni lile nililiona mara ya mwisho kwenye mazishi ya mama yake, mwaka mmoja nyuma. Nilitazama viatu, nikatazama gauni.

"Mama Noemi, vaa twende kwetu Castelpruno tukapumue. Roma hii leo hata pa kuweka mguu hakuna."

Hapo hakudanganya. Mtaani kwetu, tangu Pasaka, mtu hawezi kuvuka kwenda kununua mkate mpaka wageni wapite na masanduku yao ya magurudumu. Lakini miaka ishirini ya ujirani sikuwahi kumsikia Ersilia akitaka kupumua. Nilimwandikia binti yangu Noemi ujumbe kwamba naondoka na Ersilia na simuelewi, nikafunga gesi, nikarudi kuhakikisha nimefunga gesi, tukashuka.

Ersilia ana miaka sitini na nne. Tangu akiwa na kumi na sita anapiga pasi mashuka na mashati ya hoteli, mpaka bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Hakuolewa. Mama yake, Assunta, alipopigwa na kiharusi, kaka mtu Quirino alimteremsha kutoka mlimani kwa gari, akamwacha ghorofa ya tatu kwa Ersilia "kwa wiki mbili." Zikawa miaka kumi na mmoja. Ukuta wetu ni mwembamba. Kila alfajiri nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na Ersilia akimwambia mama yake, "Inua mkono, malkia wangu." Mchana alikimbia kutoka kazini kuja kumgeuza, akarudi kazini hajala.

Assunta akafa, wakamzika kwao. Castelpruno mtu akifa hubandikwa karatasi ukutani, langoni mwa mji, ikiwa na picha yake na majina ya wafiwa. Hivyo ndivyo mji unavyopata habari. Na karatasi ya maiti haichanwi na mtu, huachiwa mvua. Ile ya Assunta iliandikwa hivi: ametutoka, akiwa ametunzwa kwa upendo na mwanawe Quirino na mkewe Loredana. Basi. Quirino alisema mpiga chapa alisahau. Mpiga chapa akamwambia Ersilia kwamba yeye aliuliza, "Na binti?" na Loredana akajibu, "Huyo wa Roma? Nani anamkumbuka?"

Siku ya mazishi watu, walioambiwa miaka yote kwamba Assunta yuko hospitali ya bondeni na Loredana ndiye anayemhudumia, walimpa Loredana mkono wa pole na wa shukrani. Ersilia waliishia kumuuliza kama aliwahi kwenda kumwona mama yake kabla hajafa. Nilikuwa pembeni yake. Alijibu, "Niliwahi," akaomba maji.

Kwenye treni niliona amepakata bomba refu la karatasi ngumu.

"Nini hiyo?"

"Mwavuli."

"Mwavuli, mbingu hii?"

"Kula mkate wako, Mama Noemi."

Kikapuni mlikuwa na mkate wenye mayai na maboga machanga, cheri, na chupa ya kitu cheupe kizito. Nilidhani ni maziwa ya mgando, nikafungua.

"Usilambe, shoga. Ni gundi."

Hapo nikaanza maswali. Nikamuuliza kuhusu polisi, nikamuuliza kuhusu shinikizo lake la damu, nikamuuliza basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Alinionyesha pembe ya karatasi yenye muhuri wa manispaa. "Kila kitu halali. Mwaka mmoja wa marehemu, mtoto ana haki ya kubandika. Mimi si mtoto?"

Kutoka stesheni, basi lilipanda kona kwa kona hadi juu ya mwamba. Hewa ilikuwa safi, jua kali, njia tupu. Ukuta wa matangazo unatazamana na jiko la Loredana, hatua kumi tu, dirisha wazi. Ersilia alichagua pale pale katikati. Alipaka gundi polepole, akabandika, kisha akapitisha mkono juu ya karatasi kutoka juu hadi chini kama anayepiga shati pasi. Hakuacha kunyanzi hata moja.

Juu kulikuwa na picha ya Assunta anacheka. Chini yake:

"Mwaka mmoja bila Assunta Tocci. Aliogeshwa, akalishwa na kugeuzwa kwa miaka kumi na mmoja na binti yake Ersilia. Alitembelewa mara nne na mwanawe Quirino na mkwewe Loredana." Na tarehe zote nne.

Ilikuwa saa ya watu kutoka dukani. Akasimama mmoja na kikapu chake, wakawa watano, wakawa kumi na zaidi. Mama mmoja mwenye mkongojo alisoma kwa sauti, akafika kwenye tarehe, akarudia.

Loredana akatoka na aproni. "Wifi, umerukwa na akili? Bandua!"

"Bandua mwenyewe, wifi. Mkono unao."

Loredana alisogea, akashika pembe ya karatasi. Mwenye mkongojo akasema, "We Loredana, huyo ni mkweo kwenye picha. Unamchana uso mbele yetu?"

Vidole vikaachia, vyote vina gundi.

Quirino alikuja mbio, kofia kichwani, leso ya chakula bado shingoni. Alisoma, akasoma tena. "Zilikuwa tano," alisema.

"Ya tano ulibaki garini, kaka. Ulipiga honi nikuletee barua ya pensheni ya mama usaini."

Mtu alicheka. Quirino akavua kofia, sijui kwa mama yake au kwa aibu, akaingia ndani, na lile dirisha la jikoni likafungwa katikati ya joto lile. Mwenye mkongojo alimkumbatia Ersilia. "Miaka kumi na mmoja, mwanangu! Na sisi tulimshukuru nani?" Ersilia hakulia. Alitazama dirisha lililofungwa mpaka nikamvuta mkono kwa ajili ya basi.

Kwenye treni alimaliza cheri zote peke yake, akalala mdomo wazi.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anagonga ukuta wetu mwembamba.

"Mama Noemi! Kule kumenyesha?"

Noemi anaangalia kwenye simu.

"Bado," najibu. "Jua hadi Alhamisi ijayo."

"Ahsante," anasema, na nasikia anawasha redio.