Ukoko wa Harusi kwa Ng'ombe wa Mama

Nilimlisha ng'ombe wa mama ukoko wa harusi. Debe zima, na juu yake karai la machicha ya nazi. Naanza na hilo msije mkaniona mwerevu huko mbele.

Likizo ile ndiyo kwanza nafika Mwera. Mama alikuwa ameolewa huko miezi michache nyuma na mkuu wa wachungaji katika shamba la ng'ombe la Mwarabu mmoja, mimi nikabaki Tanga mjini kwa bibi, nisome. Ng'ombe niliowajua walikuwa wa buchani, wametundikwa. Baba wa kambo nilimpa shikamoo yake asubuhi, akaitikia marahaba, basi, mpaka kesho tena.

Katika zizi lote lile, ng'ombe mmoja tu alikuwa wa mama: mwekundu, mwenye mimba. Ndiyo mahari yake. Ukiacha sanduku la kanga, hakuwa na kingine cha kuita changu. Kila kukicha alikwenda kumtazama yeye kabla hajanitazama mimi, na siwezi kusema nilifurahi.

Hata hivyo nilimhurumia. Nyasi asubuhi, nyasi mchana, jioni kiganja cha pumba na chumvi ya kulamba. Mahabusu wanakula vizuri zaidi, nikajisemea. Basi jirani akamwoza binti yake, na kesho yake nikatiwa kwenye kusugua masufuria. Ukoko ulikuwa mnene, umekolea tui. Wenzangu waliwatupia kuku. Mimi nikambebea ng'ombe.

"Kula, bi harusi," nikamwambia. Akala, akalamba mpaka kitako cha debe. Nikaondoka napiga mluzi.

Adhuhuri alikuwa amesimama peke yake, hacheui, anasaga meno, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Mama alifika wa kwanza. Akaweka mkono juu ya ubavu ule, akaniangalia. Baba wa kambo akaja mbio, akagonga kwa vidole, akasikiliza.

"Kala nini huyu?"

"Nyasi," nikasema.

"Zipi? Hizi kavu?"

"Mbichi. Za bondeni." Bondeni kwenyewe sikujua ni upande gani.

Akageuka akanitazama. Hakupaza sauti. "Sikiliza, bwana mdogo. Sikuulizi ili nikupige. Aliyevimba kwa nyasi mbichi ana dawa yake, na aliyekula nafaka ana yake. Nikikosea atakufa, na ndama wake tumboni. Na huyu si wa tajiri, ni wa mama yako. Haya, kala nini?"

Mkono wa mama ulikuwa bado pale pale ubavuni.

"Ukoko," nikasema. "Debe. Na machicha."

"Machicha ya nazi ngapi?"

"Ya harusi nzima."

Kicheko kilimponyoka, akakimeza upesi. "Lahaula! Umemwalika karamuni! Mke wangu, magadi yako ya kisamvu yako wapi?"

Mama alikwenda jikoni mbio, kanga inamwanguka. Magadi yakakorogwa katika maji ya vuguvugu, yakatiwa chupani. Mimi nikashika kichwa. "Usikinyanyue sana, utampalia," baba wa kambo akanionya. Akamimina kidogo, akangoja ameze, akamimina tena. Kisha akamfunga kijiti kinywani, mkingamo kama hatamu, ili atafune na kubeua gesi, akanipa kamba. "Mpandishe mlima pole pole. Asilale."

Alasiri yote nilimtembeza, na yeye baba wa kambo pembeni yangu. Hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo.

"Ndani yake mna kama pipa," akasema. "Nyasi huchachukia humo kwanza, ndipo huzirudisha mdomoni akacheua. Pipa lake limezoea nyasi. Ukilimwagia wali kwa ghafla, linachacha hovyo. Hata pumba zile, nilianza na chembe tu, mpaka tukafika kiganja. Na ukiingia zizini usitazame pembe. Tazama taya."

Hapo ndipo nilipoelewa asubuhi zote zile mama alikuwa akitazama nini.

"Mimi nilidhani mnambania," nikasema.

"Ungeuliza."

"Ningemwuliza nani?" Lilinitoka tu.

"Kweli," akasema. "Na mimi si hodari wa kusema."

Kabla ya magharibi ng'ombe alipiga mbweu moja, wallahi ilinuka harusi iliyochacha. Nikashangilia. "Bado," akasema. "Mpaka acheue."

Alfajiri niliwahi zizini kabla ya mama. Nimezoea kuamshwa kwa kuvutwa mguu, siku ile nilijiamsha. Ubavu ulikuwa umenywea, lakini sikuuangalia sana. Nilichuchumaa nikatazama taya. Halikusogea. Nikahesabu mpaka mia, nikaanza upya. Nikaona kitu kinapanda shingoni mwake kama panya chini ya jamvi, kisha taya likaanza kusaga, kushoto, kulia, bila haraka.

Sikujua kuwa mama amesimama nyuma yangu mpaka niliposikia pumzi ikimtoka.

"Angekufa ningelia siku mbili tatu, nikanyamaza," akasema. "Lakini wewe ungeona haya, usingekuja tena huku likizo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Haya, kaoge, unanuka zizi."