Mawe ya Mume Wangu Yalipata Taa Kabla Yangu

Msomaji huyu ametuandikia kutoka Voi. Majina tumeyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na mbili. Mume wangu anafanya kazi reli na tunaishi nyumba za wafanyakazi hapa Voi. Halewi, hanipigi, mshahara analeta nyumbani, kwa hivyo nikilalamika watu hunicheka. Lakini nimechoka.

Tulipokuwa Mombasa, bosi wake aliyekuwa akihama alimwachia sanduku la kioo lenye maji ya bahari, samaki wawili wadogo na mawe ya matumbawe. Tulipohamishiwa Voi tukaja nalo. Rafiki yake, gadi wa treni, humletea maji ya bahari kwa mitungi. Mume wangu husema mawe yale yana uhai na bila mwanga yanakufa. Basi kila siku ikawa ni taa, taa, taa. Kwanza alifunga balbu kubwa, maji yakapata moto kama ya kuoga. Akalisogeza sanduku dirishani, na jua la huku mnalijua, kioo kikaota ukoko wa kijani. Taa maalumu kama alizokuwa nazo bosi hatuziwezi kwa bei. Mwishowe akanunua taa mbili za tyubu za kawaida, akazifunga juu ya sanduku kwa ubao aliouranda mwenyewe. Sitasema uongo, mawe yalifunguka kama maua.

Mimi huku jikoni napika kwa koroboi. Mwaka mzima nimemwomba avute stima mpaka jikoni. "Ngoja kidogo, Mama Wakesho." Nimengoja mpaka ugali unanuka mafuta ya taa.

Halafu akapelekwa stesheni ya Maungu kushikilia kazi ya mwenzake, akaniachia mimi kuwasha taa za mawe asubuhi na kuzizima jioni. Jamani! Kila mgeni akiingia, kwa adabu zake, anazima. Nani huwasha taa mchana na jua hili la Voi? Jirani anazima, muuza mboga anazima, mimi nawasha huku natukana moyoni. Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Chawia kutusalimia, naye akazima.

"Mwanangu, stima ya mchana ni ya nini?"

"Ni ya mawe, Mama. Yako hai. Yakikosa mwanga yatakufa."

Jioni mama mkwe akaja jikoni, akanikuta nimeinama nachagua mchele karibu na koroboi, macho yananitoka machozi kwa moshi.

"Na wewe je? Wewe si uko hai?"

Mume wangu aliporudi, hata chai hajanywa, mama yake akamwambia, "Toa taa moja huko kwa mawe, umwekee mke wako jikoni. Siendi Chawia mpaka niione ikiwaka." Hakubisha. Alivuta waya siku hiyo hiyo, na mama akaondoka ameridhika.

Siku za kwanza nilipika nikiimba. Sasa mawe yamejikunja, moja limefifia kabisa. Mume wangu akitoka kazini anavuta kiti, anayatazama, halafu anakuja jikoni kuniuliza kama mwanga unanitosha. Angenigombeza ningemjibu! Ananiuliza kwa upole, nami nachemka. Mbona mimi niliomba mwaka mzima, na mama yake akasema mara moja tu? Na mbona raha yangu lazima iue kitu anachokipenda? Tyubu nyingine hatuwezi kununua sasa, karo ya Wakesho inatungoja.

Nikiirudisha taa kwa mawe, mama mkwe ataona nimemdharau, nami nitakuwa nimejirudisha kwenye koroboi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiiacha, kila jioni nitamwona ameketi mbele ya mawe yanayokufa. Jana nilishikwa na hasira, nikaizima taa ya jikoni, nikawasha koroboi, nikapika hivyo hivyo. Mawe hayakupata kitu, na mimi sikupata kitu.

Ndugu zangu mnaosoma, na hasa kina mama mnaopika gizani, nishaurini. Taa hii niirudishe?